Moto Ndani ya Subira

Wewe utakayelishika daftari hili, nakuomba kwa heshima ya aliyekuzaa: utakachokisoma kikae kifuani mwako. Usimwambie mama yangu, moyo wake hauna nguvu. Usimwambie mtu yeyote wa ofisi ya vibali vya majengo, ninakofanya kazi. Na kama wewe ni mmoja wetu, mtu wa Subira, basi wewe ndiye hasa ninayekuogopa. Soma hadi mwisho kwanza, halafu unihukumu. Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili usije ukanitarajia niwe mtu mwingine.

Jumamosi, 8 Septemba

Leo tumeanza kupiga picha za sehemu ya mwisho. Ya mwisho kabisa, Kapteni amesema, halafu akageuka kutazama ukuta kana kwamba ukuta umemwita.

Chombo cha anga Subira hakijawahi kuruka. Kimekaa katika banda la gari nyuma ya nyumba ya mama tunayemwita Kapteni, chini ya vilima, kaskazini ya Los Angeles, na kimejengwa kwa plaiwudi, sponji na vifuniko vya ndoo vilivyopakwa rangi ya fedha. Tamthilia ya televisheni ya chombo hicho ilisitishwa kabla sijazaliwa. Waliokuwa wakiipenda hawakukubali. Wakashona sare, wakaiendeleza wenyewe Jumamosi kwa Jumamosi, bila mshahara, wakaitoa bure mtandaoni. Walioanza na nywele nyeusi sasa wana mvi. Mimi niliingia mwaka jana, na nilikuwa naitazama tangu niko shule, peke yangu, mlango umefungwa.

Sheria yao kubwa ni moja: jina la nyumbani huachwa mlangoni. Ukishaingia bandani wewe ni cheo chako, hata wakati wa kula. Anayemwita mwenzake kwa jina la nyumbani huosha vikombe vya watu wote, na si adhabu ndogo, maana Fundi Mkuu hutemea maganda ya alizeti ndani ya vyake. Kwa hiyo mimi humo ni Luteni Pell, msimamizi wa ubao wa hitilafu. Kazi yangu ni kuripoti mabaya. Katika kila sehemu nina sentensi moja: "Kapteni, moto sitaha ya tatu." Kisha Daktari, ambaye ndiye pia mpiga kamera, anaiinamisha kamera kushoto nasi tunajitupa kulia, ili chombo kionekane kinayumba.

"Luteni," Kapteni akaniambia leo, "moto unauripoti kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Mwache, Kapteni," akasema Daktari. "Huyu ni karani wa serikali. Moto wake lazima kwanza upigwe muhuri."

Walicheka. Nami nilicheka. Tulirudia mara nyingi, na kila mara sauti yangu ilizidi kuwa ndogo.

Jumatatu, 10 Septemba

Simu ya asubuhi ofisini. Mzee, sauti ya taratibu, anaitwa Esparza. Jirani yake amejenga kitu ndani ya banda la gari. Kila Jumamosi taa huwaka humo mpaka mlimau wake, upande wa pili wa uzio, unageuka rangi ya buluu, na waya umetolewa dirisha la jikoni ukapitishwa juu ya nyasi kavu.

"Mimi si mtu wa ugomvi, kijana," alisema. "Yule ni mjane, mtu mwema, huniletea keki. Lakini vilima vimekauka. Ikitoka cheche moja pale, mtaa mzima ni majivu. Tumeni mtu atazame tu."

Nikamuuliza mtaa. Akautaja. Nikamuuliza namba ya nyumba, nikaomba Mungu ataje namba nyingine. Hakutaja nyingine.

Kazi yangu ni hii: malalamiko yakifika nayaingiza kwenye kompyuta, nayo inampelekea mkaguzi. Basi. Nikamwambia, "Tumeyapokea, bwana." Nikaweka vidole juu ya herufi, na vidole havikushuka.

Mkaguzi akienda, banda litafungwa siku hiyo hiyo. Na watauliza kwa nini karani wa vibali alikuwa akiingia kila Jumamosi mahali pasipo na kibali.

Jumanne, 11 Septemba

Sijayaingiza.

Jumatano, 12 Septemba

Sijayaingiza. Upepo mdogo kutoka jangwani, wa kujaribu tu.

Jumamosi, 15 Septemba

Mpaka leo nilikuwa nalitazama banda kwa macho ya shabiki. Leo nimelitazama kwa macho ya ofisini, na natamani nisingefanya hivyo.

Lango kubwa la gari limepigiliwa misumari, na mbele yake limetundikwa pazia la nyota. Umebaki mlango mmoja wa ubavuni, na kati yetu na huo mlango ipo sayari ya sponji ambayo lazima uipite kwa upande, tumbo ndani. Nyuma ya ukuta wa mitambo, zile taa ndogo zote zinazopepesa zinakula umeme wa ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, nayo kwenye nyingine. Niliweka kiganja juu ya plaiwudi. Ilikuwa na joto kama shavu la mtu mwenye homa.

Nilimvuta Fundi Mkuu kando. Yeye huuza simu dukani. Cheo cha ufundi alipewa na skripti. "Mkuu, huu ukuta una joto."

"Ni chombo cha anga, Luteni. Kina injini."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Nimefunga hizi taa kwa mkono wangu wewe ukiwa bado unafungwa kamba za viatu na mama yako." Akanipiga begani. "Bado anakufunga?"

Ananifungia chakula. Nilirudi kwenye ubao wangu.

Jumamosi, 22 Septemba

Mvua ya kulowesha vumbi tu. Nilivaa soksi za kijani mbele ya kitambaa cha kijani, ambacho kompyuta hukifuta na kuweka anga. Katika picha sina miguu. Mahali pake kuna nyota. Daktari amecheka mpaka akakaa chini. Nimeosha vikombe pia, kwa kusema "Bi Thuy, samahani" badala ya "Daktari". Siku njema. Sikugusa ukuta.

Jumatatu, 24 Septemba

Amekuja mwenyewe. Dirishani kwangu. Kofia mkononi, mzee mfupi mwenye kucha zenye udongo.

"Nilipiga simu wiki mbili zilizopita. Esparza. Habari ya banda."

"Liko kwenye foleni, bwana."

"Foleni ndefu?"

"Ndefu."

Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Upepo hausimami foleni, mwanangu," alisema, akavaa kofia yake.

Nimekwenda chooni nikajifungia. Namchukia. Najua sina haki, lakini namchukia mzee yule na mlimau wake.

Jumamosi, 29 Septemba

Leo nilikusudia kumwambia Kapteni. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, tangu nilipotoka nyumbani. Nilimkuta peke yake katika kiti chake cha katikati, amevaa sare, kinasa sauti mapajani.

Lazima nieleze. Kompyuta ya Subira ina sauti ya mwanamume mpole, na watazamaji wote wanaijua. Ni sauti ya marehemu mumewe, Walt, aliyelijenga banda hili pamoja naye. Alipojua haponi, alikaa akarekodi sentensi nyingi kwa matumizi ya baadaye: tahadhari, joto linapanda, mlango umefungwa, karibuni. Tangu afe wamekuwa wakizitumia moja moja, kama watu wanaochota unga wa mwisho mtungini.

"Imebaki moja," Kapteni akaniambia. "Alisema niitumie siku ya mwisho. Hata mimi sijaisikia. Tutaicheza humu ndani, siku hiyo, kamera ikiwa inanasa, ili nikiisikia nionekane ninavyoonekana."

"Kwa nini hakukuachia tu uisikilize, Kapteni?"

"Kwa sababu alikuwa mwongozaji." Akacheka kidogo. "Ulitaka kuniambia jambo, Luteni?"

Jina lake limeandikwa kwenye sanduku la barua pale nje: Loretta Voss. Hakuna anayelitamka humu. Wanasema hata Walt alilitamka mara chache, wakati wa kupiga picha alipotaka mkewe asikilize kweli. Nililitazama kwa akili yangu jina hilo, nikaliogopa.

"Hapana, Kapteni. Nilitaka kujua kama kuna kahawa."

Jumatano, 3 Oktoba

Sijayaingiza. Mama anasema napiga kelele usingizini. Nimemwambia ni yale majani ya mzabibu anayofungia wali na kuyatia siki, niliyala mengi. Amepunguza siki.

Jumamosi, 6 Oktoba

Ni usiku sana. Naandika polepole.

Wakati wa mapumziko nilitoka nje kuvuta pumzi. Nilikuwa na sare: zambarau, kola ngumu, beji ya shaba kifuani. Mzee Esparza alikuwa upande wake akifagia majani makavu. Aliinua kichwa. Macho yetu yakakutana juu ya uzio. Sikuwa na pa kwenda.

"Wewe si yule wa dirishani?"

"Ndiyo, bwana."

Akanitazama toka kola mpaka viatu. Nilingoja aseme neno litakalonimaliza. Badala yake uso wake ukafunguka.

"Basi wametuma mkaguzi," alisema. "Na sare nzuri hivyo. Zamani walikuwa wanakuja na fulana." Akashusha ufagio. "Umeingia ndani umeona?"

"Nimeona."

"Na wewe unasemaje, ni salama?"

Nyuma yangu, bandani, Fundi Mkuu alikuwa anaimba. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Tunalishughulikia, bwana."

"Ahsante, mwanangu. Leo nitalala." Akachuma malimau matatu, akanipa juu ya uzio.

Ninayo hapa mezani. Siwezi kuyakata.

Jumatatu, 8 Oktoba

Hakupiga simu. Hatapiga tena. Ananiamini.

Jumamosi, 13 Oktoba

Upepo umeanza kweli. Umekausha midomo ya kila mtu. Kapteni amepaka rangi ya mdomo juu ya nyufa. Mbwa wa mtaa wote wanabweka. Huko kusini vilima vinawaka tayari, jioni jua linaonekana kama kiini cha yai.

Katikati ya kupiga picha taa zote zilizimika. Giza, kisha harufu. Si moshi; harufu ya kile kinachotangulia moshi. Fundi Mkuu akatoka, akarudi akijifuta mikono, taa zikawaka kali kuliko mwanzo.

"Ulifanyaje?" nikamuuliza.

"Fyuzi ilikuwa ndogo. Nimeweka kubwa."

"Fyuzi hukatika ili waya usiungue, Mkuu."

"Luteni." Alisogeza uso. Mara hii hakutania. "Imebaki Jumamosi moja. Yule mama amengoja miaka mitano kusikia sentensi moja ya mumewe. Wewe ndiye utakayekwenda kumwambia zima taa? Nenda basi. Kiti kile pale."

Nilikitazama kiti. Nikaenda kukaa kwenye ubao wangu.

Nikirudi nyumbani nilipitia dukani nikanunua mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, wa mkono. Jumamosi nitauficha nyuma ya ubao wa hitilafu. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya ujasiri katika jambo hili: mtungi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nilisimama mlangoni pa bosi. Bi Haldane alikuwa ameshika simu mbili. Wakaguzi wote wanapelekwa vilimani.

"Una jambo, Garo?"

Nilistuka kuitwa hivyo. Nimeanza kujisahau.

"Kama kuna malalamiko yaliyochelewa kuingizwa," nikasema, "mtu anafanyaje?"

"Anayaingiza." Akaziba simu kwa kiganja. "Yamechelewa kiasi gani?"

"Nilikuwa nauliza tu, bosi."

Nilirudi mezani. Nikaandika mtaa. Nikaandika namba. Nikafuta.

Alhamisi, 18 Oktoba

Upepo.

Ijumaa, 19 Oktoba

Upepo. Mama amefunga madirisha kwa taulo. Ameniuliza kama nina mwanamke. Nimesema ndiyo ili aache kunitazama.

Jumapili, 21 Oktoba

Nitaandika ya jana yote. Nikiruka kitu, nitakuwa nimeanza tena.

Tulikuwa saba: Kapteni kitini, Fundi Mkuu kwenye ukuta wa mitambo, Daktari nyuma ya kamera, mimi kwenye ubao, na mabaharia watatu waliokuja kujitolea kwa siku ya mwisho. Saa za mchana, lakini nje kulikuwa na wekundu kama machweo. Onyesho lenyewe, nadhani mnaweza kulikisia: Subira inaungua. Luteni Pell anaripoti moto. Kapteni anakataa kuondoka kitini mpaka kompyuta iseme neno lake la mwisho. Kinasa sauti kiliwekwa miguuni pake. Mashine ya moshi iliwashwa.

"Tuko angani," akasema Kapteni, na kamera ikaanza.

Moshi wa mashine naujua. Ni mweupe, unanukia peremende, unalala chini kama paka. Nilikuwa nautazama ukitambaa sakafuni nilipoona mwingine. Huu ulikuwa wa manjano, unatoka kwenye ufa juu ya kichwa cha Fundi Mkuu, na ulikuwa unapanda.

"Kapteni," nikasema. "Moto. Ukutani, nyuma ya Fundi Mkuu."

Sauti yangu ilipasuka katikati. Kapteni akanigeukia taratibu, macho yanang'aa. "Uzimeni, Luteni. Hatuachi kituo."

"Kapteni, moto kweli. Moto wa kweli."

"Wote huwa wa kweli, kijana wangu," alijibu, na haikuwa kwenye skripti, na ilikuwa nzuri. Nyuma ya kamera Daktari akanionyesha kidole gumba. Baharia mmoja akajitupa chini bila kuambiwa. Fundi Mkuu akaupiga ukuta ngumi akapiga yowe la kishujaa, na ukuta ukamtemea cheche, na yeye akacheka kwa furaha, akidhani ni kazi ya mikono yake.

Nieleweni. Mwaka mzima walikuwa wakiniomba niripoti moto kama mtu anayeogopa. Jana niliweza.

Niliuchukua mtungi. Pini haikutoka; sikuwa nimewahi kujaribu. Ilipotoka, povu lilimwagika ubaoni, na mabaharia wakajikinga kwa mikono, wakiigiza. "Tumetua," nikapiga kelele. "Tumetua, tumetua." Neno hilo ni la Kapteni peke yake, ndilo linalosimamisha kamera. Alinikunjia uso, bila kutoka katika uigizaji, akainama akabonyeza kinasa sauti.

Mkanda ulianza kuzunguka. Mkwaruzo kwanza. Kisha mtu akivuta pumzi, mtu aliyekufa, akijiandaa kusema.

Ndipo nilipolisema. Sikupiga kelele. Nililisema kama ninavyoita majina dirishani pangu.

"Loretta."

Nilimwona akitoka. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hivyo. Kapteni aliondoka usoni mwake, akabaki mama mmoja mzee aliyevaa kitambaa cha zambarau, anakohoa.

"Loretta Voss, nyumba yako inaungua. Dwight, toka ukutani. Thuy, acha kamera. Mimi ni Garo. Tokeni nje."

Kila jina lilimwamsha mwenyewe. Fundi Mkuu alitazama juu, akasema taratibu, "Mama yangu," na ukuta ukafunguka kama tanuri. Taa zikafa. Tuliielekea sayari, tumbo ndani, mmoja baada ya mwingine, na sponji yake ilikuwa imeanza kudondoka matone yanayowaka. Daktari alilifikia komeo la mlango. Upepo ulikuwa umeuegemea kutoka nje, haukutaka kufunguka, walisukuma watatu. Nilihesabu migongo. Mmoja hayupo.

Kapteni alikuwa amekirudia kinasa sauti. Kilikuwa bado kinazunguka, nacho kilikuwa kinasema; nilisikia sauti ya mwanamume mpole chini ya mngurumo wa moto, sauti bila maneno. Yeye alikuwa amekikumbatia kwa viganja vyote viwili, na plastiki ilikuwa inayeyuka. Nilimshika mkanda wa sare nikamvuta kinyumenyume. Alinipiga teke. Alinitukana kwa jina langu la nyumbani. Sikuachia.

Nje, maji yakatupiga usoni. Mzee Esparza alikuwa juu ya uzio wake ameukalia kama mpanda farasi, mpira wa maji mkononi, anaupiga ukuta wa banda, anaupiga mlimau wake, anatupiga na sisi. "Wangapi ndani?" aliuliza. "Mkaguzi, wangapi ndani?"

"Hakuna," nikasema. "Hakuna, bwana."

Zimamoto walifika. Mtaa umepona. Banda halipo.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mzee Esparza amewaeleza zimamoto kila kitu, kwa kunisifu. Kwamba ofisi ilituma mkaguzi kijana, kwamba alikuwa humo ndani siku ya moto, kwamba yeye ndiye aliyewatoa. Habari ikafika kwa Bi Haldane kabla ya saa sita.

"Sina mkaguzi kijana," aliniambia. "Nina karani kijana." Kisha akafunga mlango, na nikamwambia yote, tangu simu ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikujua kuwa ana macho ya kijivu, sikuwahi kuyatazama.

"Unajua nitalazimika kufanya nini."

"Ndiyo, bosi."

"Ungeyaingiza Jumatatu ile, nami nisingemtuma mtu kabla ya Novemba. Lakini lingekuwa kosa langu, si lako." Akanisukumia karatasi za kujifutia pua.

Jumatano, 24 Oktoba

Hospitali. Viganja vya Kapteni vimefungwa kama vya bondia. Daktari wetu wa Subira alikuwa anamlisha supu, na Fundi Mkuu amekaa sakafuni kwenye korido, hataki kuingia. Nilipompita alisema, "Nitukane, tafadhali." Niliingia.

Nilimwambia Kapteni wima, kabla miguu haijabadili nia. Simu. Mzee. Malimau. Yote.

"Ulijua tangu Septemba," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia, ningekusikiliza?"

"Sijui."

"Nisingekusikiliza." Aligeukia dirishani. "Lakini ungeniambia."

Daktari alishika kijiko hewani. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutoka.

"Garo," akaita. Nilisimama. "Ulisikia alichosema?"

"Nilisikia sauti, si maneno."

"Na mimi pia." Aliviangalia viganja vyake vilivyofungwa. "Ilikuwa ya furaha au ya huzuni? Wewe ulikuwa karibu na mlango, mbali kidogo na mngurumo wa moto, huenda ilikufikia vizuri."

Niliogopa swali hilo kuliko moto. Ningeweza kudanganya, na angenishukuru. "Ilikuwa kama mtu anayetoa maelekezo," nikasema.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamwingia masikioni, na hakuwa na mikono ya kuyafuta, ikabidi Daktari ayafute.

Jumamosi, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Barua kutoka kazini imekuja. Sina kazi tena. Kuna kikao Desemba, na huenda pia mahakama. Mama amelia, kisha akauliza kama yule mwanamke yupo kweli.

Kesho napanda basi kwenda Fresno, kwa shangazi, mwenye duka la mikate. Daktari amekuja kuchukua sare yangu, iliyobaki peke yake bila kuungua. Anasema Kapteni anataka onyesho la mwisho lipigwe tena akipona mikono, katika ua wa Mzee Esparza, mzee mwenyewe akiwa baharia. Anasema sentensi ya kompyuta nitaisema mimi. Nimeuliza, sentensi gani? Amesema, "Hajui. Anasema utaiona siku hiyo." Usiku wa leo sitalala. Daftari hili nalitia mfuko wa ndani wa sare, Daktari ampelekee atakayeivaa. Ukurasa wa kwanza niliuandika Septemba, nilipokuwa bado naficha; nimeuacha ulivyo.

Basi kama ni wewe, na unanitaka, njia ni hii. Teremka kituo cha mabasi cha Fresno, fuata harufu ya ufuta mpaka duka lenye kitambaa chekundu mlangoni. Usiingilie mbele, shangazi atakuuzia mkate na kusema sipo. Zunguka nyuma, penye tanuri. Nakaa karibu na mlango, na mlango hauna komeo, nimeling'oa mwenyewe. Kama umekuja kwa habari za Subira, niite Luteni Pell, na huenda nisiitike, nitajifanya nakanda unga. Lakini kama kuna kitu kinaungua, popote, hata kama ni kidogo, hata kama huna hakika, niite Garo.